Msiwafukuze Watoto Mtoni, Wafundisheni Kuusoma

Hotuba kwa wazazi, vijana na viongozi wa mitaa waliokutana karibu na Mto Isiukhu, Kakamega, wiki chache kabla ya shule kufungwa kwa likizo ya Desemba.

Bwana chifu, wazee wa mitaa, viongozi wetu wa dini, walimu wenzangu, mama zangu na baba zangu, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma kwenye nyasi: mulembe!

Asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie usalama wa mtoni, na najua wengi wenu mlikuja mkitarajia niwakemee watoto waache kwenda kuogelea. Sitawakemea. Nimekuja kuwaomba ninyi wakubwa mwende nao.

Tazameni mto wenyewe. Isiukhu unatoka upande wa miinuko ya Nandi, unapita ndani ya Msitu wa Kakamega ambako mbega wanaruka mti hadi mti juu ya maji, unaporomoka kwenye miamba, kisha unatufikia sisi huku mjini. Ukituacha unakwenda kuungana na maji ya Nzoia, na safari inaendelea mpaka Budalangi na Ziwa Victoria. Kuna watu wanaotoka Nairobi na ng'ambo, wanalipa nauli na kiingilio, ili waje kuona kitu ambacho mtoto wa hapa anakiona akitumwa maji. Na maji ya mto yana raha ambayo bwawa la hoteli halina. Umeshinda shambani, vumbi limekukauka shingoni, unaingia polepole mpaka kifuani, mwili unakuwa mwepesi, na kila kilichokuwa kinakusumbua kinakaa kando kwa muda. Mimi nayapenda maji haya. Kila nitakalolisema leo, hata likiwa kali, linatoka huko.

Sasa hebu tuseme ukweli kuhusu katazo. Shule zikifungwa, mtoto atakwenda mtoni. Jua la Desemba na Januari mnalijua. Ukimkataza, atakwenda kwa siri, na siri hiyo ndiyo inayonitisha kuliko maji yenyewe. Anayekwenda kwa siri huchagua mahali pasipoonekana, maana yake mahali ambapo hakuna mtu mzima wa kumsikia. Huvua nguo na kuzificha kichakani zisilowe. Akitoka anakauka juani, anajipaka mafuta ya mwenzake, kwa sababu anajua akifika nyumbani mama atamkwaruza mkono kwa ukucha aone kama ngozi itaacha mstari mweupe. Wazazi mnacheka kwa sababu mmefanya hivyo, na mlifanyiwa hivyo. Lakini fikirini kinachotokea siku mambo yanapoharibika. Wako watoto wanne, mmoja amezama. Watatu waliobaki wanawaza nini? Wanawaza fimbo. Wanatawanyika, kila mmoja kwao, kimya. Mwingine anafika nyumbani, anakula, analala, na hasemi neno mpaka jioni mama wa yule mwingine anapoanza kuzunguka akiuliza, "Mmemwona mtoto wangu?"

Mtu aliyekosa hewa, ubongo wake huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Hizo ndizo dakika tulizo nazo. Hapo ng'ambo palikuwa na akina mama wanaofua nguo, na juu ya daraja palikuwa na vijana wa bodaboda. Msaada ulikuwepo, ila hakuna aliyeitwa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni jepesi, halihitaji pesa wala kamati. Leo jioni mkiwa mezani, mwambie mwanao hivi: "Mwenzako akipata shida majini, ukaja mbio kuniita, hutapigwa. Hata kama nilikukataza kwenda. Hata kama umepoteza sare ya shule." Sema mbele ya watoto wote wa nyumba, na ukishasema, timiza. Mtoto mmoja akichapwa kwa kuleta habari, watoto wa mtaa mzima watajua kabla ya kesho asubuhi.

Mnaodhani nakuza mambo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni. Tisa kati ya kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Karibu robo walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Hilo la mwisho nalitaja kwa mama zangu hasa, maana mtoto wa umri huo hahitaji mto. Ndoo ya maji uani inamtosha, kisima kisichofunikwa kinamtosha. Funikeni visima, mwageni maji ya ndoo, na ukienda kufua mtoni na mtoto anayejifunza kutembea, pawepo mtu mwingine ambaye kazi yake ni kumtazama huyo mtoto tu. Mwaka huohuo wa 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai iwe siku ya dunia ya kuzuia vifo vya majini. Natamani siku hiyo tuifanye huku mtoni, tukiwa na kamba mikononi.

Tuje kwenye kuusoma mto. Vijana, hapa sasa sogeeni.

Kakamega hupata mvua takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri, pamoja na radi. Lakini mvua itakayokuua si lazima ikulowanishe. Inaweza kunyesha Nandi, huku kwetu jua likiwa limewaka na nguo zimeanikwa, na baada ya saa kadhaa maji yake yanatupitia hapa. Kwa hiyo kabla ya kuvua shati, tazama angani upande wa mashariki. Ukiona wingu jeusi limekalia miinuko, au ukisikia ngurumo kwa mbali, siku hiyo kuogelea kumekwisha. Ukiwa tayari umeingia, chagua jiwe moja ukingoni na ukumbuke maji yamelifika wapi. Kila baada ya muda mfupi litazame. Maji yakipanda hata upana wa vidole viwili, toka. Rangi ikianza kugeuka kuwa kama chai ya maziwa, toka. Ukiona majani makavu, vijiti na povu vinapita kwa wingi ambavyo havikuwepo, toka, na upande juu kabisa ya ukingo, usisimame kwenye jiwe la katikati kutazama. Radi ikipiga karibu, usikimbilie chini ya mti mmoja uliosimama peke yake, tafuta nyumba.

Baada ya mvua kubwa uache mto siku mbili. Hata kasi ikipungua, maji hayo yamesomba vyoo, mazizi na majitaka ya mji. Homa ya matumbo na kuhara damu huingia kwa kinywa kimoja cha maji.

Kuhusu kasi, nawapa kipimo kisichohitaji chombo. Tupa jani au kijiti katikati ya mto, kisha tembea nacho sambamba ukingoni. Kikienda kasi kuliko unavyotembea, usiingie. Sababu ni hii: mwogeleaji wa kawaida majini huenda polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Bingwa wa dunia katika mbio fupi anapata mita 2 na kidogo kwa sekunde, na hilo analifanya bwawani kwa sekunde chache. Wewe na mimi hatuwezi kushindana na mkondo. Na mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana maji ya kina cha sentimita 15 tu, yakikimbia vizuri, yanaweza kumwangusha mwanamume mzima aliyekuwa akivuka huku akicheka.

Ukichukuliwa, usijaribu kurudi ulikotoka. Hilo ndilo kosa linalowamaliza wanaojua kuogelea: anaona nguo zake pale, rafiki zake pale, anapigana na mkondo kuelekea kwao mpaka nguvu zinaisha. Lala chali. Miguu itangulie mbele upande maji yanakokwenda, magoti yamekunjwa kidogo, vidole vya miguu viwe juu ya maji, ili ukigonga jiwe uligonge kwa nyayo badala ya kichwa. Piga maji kwa mikono ukielekea ukingoni kwa mshazari, ukikubali kutokea mbali huko chini. Mto unapopinda, mara nyingi upande wa ndani wa kona ndio wenye maji mapole na mchanga. Upande wa nje ndio wenye kilindi na kasi. Na usisimame maji yakiwa bado yanakimbia na yanazidi goti. Mguu ukinasa kati ya mawe mawili, maji yatakuinamisha mbele na hutaweza kuinuka, hata kama kina ni cha kiunoni.

Kitu kingine cha kuogopa ni mti ulioanguka ndani ya mto. Watoto wanaupenda, wanaona ni daraja au mahali pa kushikilia. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Anabanwa pale huku mto mzima ukimsukuma. Ogeleeni mahali ambapo, ukitazama mita 100 kuelekea chini, hakuna mti ulioanguka, hakuna daraja lenye nguzo nyembamba, na hakuna maporomoko.

Na maporomoko yenyewe, hasa yale ya Isiukhu kule msituni, nawaombeni tuyatazame kwa macho. Yako ndani ya hifadhi, kwa hiyo utamkuta askari wa wanyamapori. Muulize mahali panapofaa, umsikilize. Chini ya maporomoko maji huanguka, yakazama, kisha yakageuka juu na kurudi nyuma kwenye ukuta wa maji. Mtu aliyeingia pale huzungushwa: anashuka, anaibuka, anarudishwa, anashuka tena. Juu ya hayo, maji yale meupe yamejaa hewa, na maji yaliyojaa hewa hayamfanyi mtu aelee vizuri. Unaweza kuwa mwogeleaji hodari na usipate kitu cha kusukuma. Mawe yake nayo yana utelezi wa ukungu na mwani, na wengi huanguka wakipiga picha.

Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kuyasema haya. Waliwaambia watoto kwamba kilindi fulani kina nyoka mkubwa, au kwamba mahali fulani mto hudai mtu. Sisi tuliosoma tulizoea kuyapuuza. Mimi siyapuuzi. Ukiketi na mzee akakuonyesha sehemu hizo, mara nyingi utakuta ndipo penye kina cha ghafla, au ndipo maji yanapozunguka. Yalikuwa maarifa, yakavishwa hadithi ili mtoto wa miaka 7 ayakumbuke. Basi vijana, nendeni mkawaulize wazee kabla hawajaondoka nayo.

Lakini wazee wangu, kwa heshima zote, kuna jambo moja ambalo limebadilika, na linahitaji tusikilizane pande zote mbili. Mto mlioujua ninyi mkiwa vijana si huu wa leo. Ujenzi umeongezeka tangu mji wetu uwe makao makuu ya kaunti mwaka 2013, na ujenzi unataka mchanga. Mchanga unachotwa mtoni. Pale ambapo baba alivuka maji yakimfika gotini, mwanawe anapiga hatua ya tatu na kukuta shimo linalozidi urefu wake, na juu ya maji huoni tofauti yoyote. Siwalaumu vijana wanaochimba. Wanatafuta riziki, na baadhi yao wako hapa. Nawaomba tu: ninyi ndio mnaojua mashimo yako wapi wiki hii. Wekeni fito zenye kitambaa chekundu ukingoni penye shimo, na mkihama, msiondoke bila kuziacha. Hiyo ni kazi ya nusu saa.

Vivyo hivyo kwa mashimo ya dhahabu. Kakamega ni nchi ya dhahabu tangu miaka ya 1930, na mgodi wa zamani wa Rosterman uko hapa jirani. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji, yakapendeza kwa macho, yakawa kama bwawa. Kuta zake ni wima na udongo wake huporomoka. Ukiingia, hakuna pa kukanyaga utokee. Na panapooshewa dhahabu huwa kuna zebaki, ambayo ni sumu. Mtoto asioge hapo, asicheze hapo, na maji hayo yasichotwe.

Kwa hiyo kanuni ya mahali popote ni kuingia kwa miguu, polepole, ukishika fimbo ndefu na kupima mbele yako. Kutumbukia kichwa mbele mtoni, hata mahali ulipooga jana, acheni. Jana hapakuwa na gogo, leo lipo. Shingo iliyovunjika ni maisha mengine kabisa, wewe na familia yako.

Sasa kufundisha. Mtaala mpya umetaja kuogelea, lakini shule zetu nyingi za umma hazina bwawa, na mwalimu anaeleza kuogelea kwa chaki. Mto tunao. Somo la kwanza halihitaji kwenda mbali: maji ya kiunoni mwa mtoto, yaliyotulia, mtu mzima amesimama upande wa kilindi. Mtoto wa miaka 6 na kuendelea anaweza kuanza. Aweke uso majini na kutoa mapovu mpaka hofu ipungue. Kisha alale chali, masikio ndani ya maji, kidevu juu, kifua kimejaa hewa, mikono imetanuka, na kiganja chako chini ya mgongo wake. Utaona siku moja unaondoa kiganja naye hajui. Huko ndiko kuelea, na kwangu kuelea kunatangulia kila mtindo wa kuogelea, kwa sababu anayeelea anapumua, na anayepumua anaweza kusubiri kuokolewa. Baadaye mfundishe kujigeuza kutoka tumboni kwenda mgongoni, kisha kufika ukingoni. Na siku moja afanye yote hayo akiwa amevaa nguo zake za kawaida, maana hakuna anayeanguka mtoni akiwa amevaa za kuogelea.

Hapa nataka kuzungumza na akina baba kuhusu mabinti. Nani anakwenda mtoni mara nyingi zaidi, mvulana au msichana? Msichana. Anateka maji, anafua, anaosha vyombo. Nani anajua kuogelea? Kaka yake. Tumemweka binti ukingoni kila siku bila kumpa njia ya kujiokoa. Kama shida ni heshima, avae fulana na suruali, awe na mwalimu mwanamke, na zamu ya wasichana iwe peke yake. Niko tayari, na wapo akina mama wengine walio tayari.

Kuna mambo machache nitayapitia haraka. Mwenye kifafa anaweza kuingia majini, lakini awe na mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumgusa, anayejua hali yake; tusimfiche, kwa sababu kumficha ndiko kunakomwacha peke yake. Aliyekunywa, iwe busaa au bia, akae ukingoni. Na vijana, lile shindano la kuona nani atakaa chini ya maji muda mrefu, tafadhali liacheni. Mkivuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama, mnaifukuza mwilini ile hewa chafu ambayo ndiyo inayoupa mwili hamu ya kupumua. Hamu haiji, hewa safi inaisha, mtu anazimia akiwa chini bila dalili yoyote. Wenzake wanahesabu wakidhani anashinda.

Na mtakaokwenda kwa ndugu kule ziwani, Kisumu au Port Victoria, huko kuna mengine. Kwenye maji yaliyotulia yenye magugu kuna konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu vyake hupenya ngozi bila wewe kuhisi. Ukiwa umeoga ziwani, ukaanza kuumwa tumbo au kuona damu chooni, nenda zahanati, uwaambie ulioga ziwani. Dawa ipo, na vidonge vyake vinatibu. Kiboko naye hutoka majini jioni na usiku kwenda malishoni. Usikae kati yake na maji. Waulizeni wavuvi kabla ya kuingia, wao wanajua.

Sasa nifike kwenye kuokoa, na hapa naomba hata wanaotaka kwenda nyumbani wasubiri kidogo.

Tunasema mfa maji haachi kutapatapa, kwa hiyo tunasubiri kuona mtu akitapatapa na kupiga kelele. Mara nyingi hilo halitokei. Anayezama anatumia kila pumzi kujaribu kupumua, hana ya kuitia. Amesimama wima majini, kichwa kimeinama nyuma, mdomo uko usawa wa maji, nywele ziko machoni, mikono inasukuma maji chini. Kwa mbali unaweza kudhani anacheza, na ndani ya dakika moja anaweza kuwa amekwenda. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa na kelele akinyamaza, mwite jina. Asipokujibu, inuka.

Na methali nyingine inasema kweli tupu: mfa maji hukamata maji. Atakamata chochote, akiwemo wewe. Ndiyo sababu tunazika ndugu wawili siku moja, au baba na mwanawe. Moyo wa kujitosa ni moyo mzuri, siupingi, lakini nawaomba muupe kitu mkononi. Piga ukunga watu waje. Lala kifudifudi ukingoni na umnyooshee fimbo, tawi, au leso mbili zilizofungwa pamoja. Akiwa mbali, mrushie kitu kinachoelea. Mtungi mtupu wa lita 20, mfuniko ukiwa umekazwa, unamwinua mtu mzima bila shida. Nao uko katika kila nyumba hapa. Funga kamba ya mita 15 hivi kwenye mshikio wa mtungi, weka maji kidogo ndani upate uzito wa kuruka mbali, urushe umpite kidogo upande wa juu wa mkondo, maji yamletee. Mwambie aukumbatie kifuani. Vuta ukiwa umekaa chini.

Akishatoka, acheni kumning'iniza miguu juu. Acheni kumkamua tumbo. Maji ya tumboni yakirudi juu yanaingia mapafuni, na dakika zinapotea. Mlazeni chali. Kama hapumui kawaida, inua kidevu, ziba pua, funika mdomo wake kwa wako na umpulizie pumzi 5, kila moja ukiona kifua kinainuka. Kisha weka kiganja katikati ya kifua na ukandamize mara 30 kwa nguvu, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtu mzima kikishuka sentimita 5. Mtoto, theluthi ya unene wa kifua chake. Halafu pumzi 2, kisha 30 tena, 2, 30, bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Mwenzako apige 999 au 112. Msalaba Mwekundu ni 1199.

Ninajua tunavyofanya: tunamweka katikati ya watu wawili kwenye bodaboda na kukimbia hospitali. Kwa upendo kabisa. Lakini mtu asiyepumua akipanda bodaboda, hakuna anayempumulia njiani. Mpumulieni kwanza hapahapa kwenye nyasi. Akizinduka, hapo ndipo mmpeleke hospitali, hata akisema yuko sawa, kwa maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuanza kushindwa saa kadhaa baadaye.

Bwana chifu, nina maombi matatu kwako na kwa wazee wa mitaa. Mtuchagulie sehemu moja ya mto upande huu na moja ng'ambo, ambazo tutazipima kwa fimbo, tutaziondolea magogo na chupa, na watoto watajua kwamba hapo ndipo pa kuogelea na kwingine hapana. Kila sehemu iwe na mtungi na kamba vilivyoning'inizwa mtini, na itangazwe barazani kwamba atakayeiba kamba hiyo ameiba uhai wa mtu. Na pawe na zamu za watu wazima siku za likizo, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, kabla ya mvua za alasiri. Makanisa na misikiti mna vikundi vya vijana na vya akina mama. Zamu ya watu wawili kwa siku haitamlemea yeyote.

Nitaanza kufundisha watoto kuogelea Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, saa nne, kama mbingu ziko safi. Wavulana na wasichana kwa zamu tofauti. Mleteni mtoto akiwa amekula kidogo, na nguo za kubadilisha, na mzazi mmoja abaki naye. Wazazi watakaobaki hawatakaa bure: mtarusha mtungi mpaka kila mmoja aweze kuufikisha kwenye kijiti nitakachokichomeka mita 10 kutoka ukingoni. Anayeweza kuchangia kamba amwone mzee wa mtaa wake leo kabla hajaondoka. Sasa nani ana swali?